Leonsi na Sponji Isiyotupika

Leonsi wa Maisaka alikuwa na mikono miwili kama watu wote, ila ule wa kulia ulikuwa umefungwa kamba. Kamba yenyewe huwezi kuiona. Alifungwa siku alipomuoa Jenipher, na aliyeshika ncha ya pili alikuwa mama mkwe wake.

Kazi yake ni ufundi wa sofa. Kibanda chake utakiona ukishapita mashine ya kusaga, pale sponji kuukuu zilivyorundikana mpaka kuku wa jirani hutaga ndani yake, na vifaranga vikitotolewa havitembei, vinadunda. Sofa zake ni za sifa. Padri mmoja alikaa kwenye sofa ya Leonsi baada ya chakula cha mchana, na hakuamka mpaka walipomwita kwa jina lake la ubatizo mara tatu, tena mara ya tatu kwa kengele.

Lakini ufundi ulikuwa wa kulisha tumbo. Roho yake ilikuwa kwenye mieleka. Aliipata jeshini, JKT, alikokwenda akiwa kijana mwembamba kama bua, akakutana na mkufunzi aliyekuwa akimwangusha kila asubuhi hadi ardhi yenyewe ikamzoea. Alirudi Babati na shingo nene, na sikio la kushoto limekunjamana kama uyoga wa masika. Baba yake, mtu wa Bagara, alimtazama akasema, "Nilipeleka mtoto, wameniletea fahali. Haya, jembe lile pale." Leonsi akalima mahindi na maharage kama alivyoagizwa, akashona sofa, na vipande vilivyobaki akavitandaza kwenye ghala la zamani la mahindi nyuma ya kibanda, akavifunika na turubai la lori na kulishona pembe zote. Hilo ndilo likawa jamvi la mieleka. Jioni vijana wa kike na wa kiume walikuja pale kuangushana, na vumbi la mahindi ya miaka ile likawa linawatoka puani.

Sasa tuje kwenye kamba.

Ukoo wa kina Jenipher ni watu wa kushika mila. Kwao mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono. Akiwa na kitu cha kumpa, anakiweka chini, anarudi nyuma, na mama anakuja kukiokota. Maneno yao hupita kwa mtu wa katikati. Siku moja Leonsi alifika Nakwa, kwao Jenipher, akakuta mama mkwe yuko peke yake uani, hakuna mtu wa katikati, yuko ng'ombe tu. Akamwambia ng'ombe, "Mwambie Mama, shikamoo." Mama mkwe akamjibu ng'ombe, "Mwambie marahaba, na mahindi yake yamevunwa?" Wakazungumza hivyo mpaka jua likapinda, na wanaosema ng'ombe yule baadaye alikataa kukamuliwa kwa sababu amechoka kutumwa, mimi siwapingi.

Na kumtupia mama mkwe kitu? Hilo halina hata jina. Wazee wanasimulia kuwa aliyewahi kufanya hivyo, mvua ya mawe ilikuja ikanyesha kwenye shamba lake peke yake, mahindi ya jirani yamesimama yanachungulia.

Leonsi aliishika mila ile vizuri kuliko hata wenye mila. Alikuwa amemjua mama mkwe kwa miguu. Kanisani, watu wakipiga magoti, angeweza kuiona miguu yake kati ya miguu yote ya Bagara na Nakwa. Ungemuuliza mama mkwe wako anafananaje, angekueleza kandambili.

Huyo mama mkwe, watu humwita Mama Jenipher. Ni mjane, mfupi, na kwa miaka mingi alichezesha netiboli. Filimbi yake si ya kawaida. Akiipuliza uwanjani, ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara husimama katikati wakingoja faulo ipigwe, na viboko wa ziwani huzama wakidhani wameonyeshwa kadi. Basi chama cha mieleka cha mkoa kilipotafuta waamuzi wanawake, walimfuata yeye. Akaenda semina Arusha, akarudi na cheti, suruali nyeupe na raba mpya.

Leonsi alizipata habari hizo kwenye chakula. Jenipher alimwambia huku anamwongezea mboga.

"Baba Veronica, Mama amefaulu. Sasa ni mwamuzi wa mieleka."

Tonge la ugali likasimama njiani kati ya sahani na mdomo.

"Wa mieleka ipi?"

"Kwani iko mingapi? Hii yenu."

Alitabasamu kumfurahia mama yake, maskini, hakujua amemletea mumewe kitanzi. Wala si kitanzi cha mtu mwingine. Leonsi alikuwa amekishona mwenyewe.

Maana sheria ya mieleka ya siku hizi ni hii. Kocha hukaa pembeni ya jamvi na sponji ndogo mkononi. Mwamuzi akitoa pointi kimakosa, kocha hapigi kelele, hasimami kutukana. Anatupa sponji jamvini. Ikitua tu, mchezo unasimama, na wakubwa wa mezani wanatazama video. Kocha akiwa na haki, pointi inarudi. Akiwa amekosea, mpinzani wake anaongezewa pointi moja, na hana ruhusa ya kupinga tena. Na aitupe upesi, kabla hujamaliza kusema Baba Yetu uliye mbinguni. Akichelewa, imekwisha.

Mkoa ulipotaka sponji hizo, walimwendea nani? Fundi wa Maisaka. Leonsi akazikata kwenye mto wa sofa ya harusi, akazivika kitambaa, upande mwekundu na upande wa bluu, akazishona mara mbili zisifumuke. Akajisifu, "Hii hata ukimpiga nayo mtoto mchanga atacheka."

Pale ghalani, kwenye kilabu yake ya mieleka, palikuwa na binti anaitwa Irine. Asubuhi anauza perege wa kukaanga sokoni, jioni anaangusha watu. Mikono yake ilizoea samaki hai anayeteleza, kwa hiyo akishakukamata mguu, huo mguu hesabu si wako. Mdomo wake nao haukuwa na mlango. Mwaka huo, kwenye mashindano ya wilaya, Irine alimpindua mwenzake mabega yakagusa turubai, kila mtu akaona, hata kipofu aliyekuwa nje akasema, "Hiyo ni halali." Mwamuzi akakataa. Na mwamuzi alikuwa amevaa suruali nyeupe na raba mpya.

Leonsi alikuwa na sponji mkononi. Mkono ukapanda mpaka usawa wa bega, ukagoma. Alijiona anamtupia mama mkwe kitu miguuni mbele ya nusu ya Babati. Jasho likamtoka, sponji ikalinywa lote ikawa nzito kama jiwe la kusagia. Muda ukapita. Irine akapoteza.

Kesho yake Irine alifika kibandani bado ananuka mafuta ya samaki, akasimama mlangoni.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba."

"Kocha, wewe una mama mkwe. Mimi nina nani?"

Leonsi akainamia sofa akashona kidole chake pamoja na kitambaa.

"Nakuuliza kwa heshima," Irine akasema. "Mwaka huu kuna mchujo wa mkoa. Atakayeshinda anakwenda taifa. Mimi umri unakwenda, samaki wananingoja sokoni maisha yangu yote. Ukiona nimedhulumiwa, utatupa au hutupi?"

"Nitatupa."

"Hata akiwa yeye?"

Leonsi akafyonza damu kidoleni.

"Basi nitamtafuta kocha asiyeoa," Irine akasema, "na wenzangu wote tunahama naye." Akaenda zake.

Hapo ndipo Leonsi alipoanza kuhangaika kama panya ndani ya debe. Huku, asipotupa, Irine anaondoka na kilabu inakufa, na lile jamvi linarudi kuwa vipande vya sofa. Huku, akitupa, Nakwa hakukanyagiki tena, na Jenipher ni wa Nakwa. Akijaribu kuruka huku anagonga bati, akijaribu kuruka kule anagonga bati.

Kwanza alimwendea Mwalimu Allen, mkuu wa meza ya waamuzi, mtu wa kuja kutoka mikoa ya mbali, wa kufuata maandishi.

"Mwalimu, kwenye pambano la Irine nipangieni mwamuzi mwingine."

"Una ushahidi kuwa mama yule anapendelea?"

"Hapana! Hapendelei mtu. Hata mimi hanipendelei."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Ni mama mkwe wangu."

Allen akacheka. "Si ndiyo vizuri? Utapata mchuzi baada ya mechi."

Akarudi nyumbani akamwambia mkewe, "Mama Veronica, mwombe mama yako siku hiyo augue kidogo. Hata mafua."

Jenipher akaweka mwiko chini. "Mama yangu hajaugua tangu niko tumboni. Unataka nimwombee ugonjwa mzazi wangu kwa ajili ya muuza samaki?"

Neno likafa hapo hapo.

Ndipo Leonsi akamkumbuka mshenga wake. Mzee Theodory ndiye aliyekwenda Nakwa kumposea Jenipher, na kwa mila ile ile, mshenga anaweza kumwambia mama mkwe neno lolote bila kosa. Leonsi akaona mwanga. Mshenga atakaa pembeni ya jamvi, mshenga atatupa sponji!

"Hiyo ni kazi ndogo," Mzee Theodory akasema. "Nilimtoa binti kwa watu wabishi, itakuwa sponji?"

Wakafanya majaribio ghalani. Irine akaangushwa makusudi. Leonsi akapiga kelele, "Mzee, sasa!" Mzee Theodory akainuka taratibu. Akavua kofia. Akakohoa. Akaegemeza fimbo ukutani, ikaanguka, akaiokota, akaiegemeza tena. Kisha akaanza, "Wenye nyumba hii, sisi ni wapita njia. Tumeona moshi, tukasema, palipo na moshi hapakosi wenye utu…"

"Mzee, tupa!"

"Usinikatishe, kijana. Neno la ukweni halitupwi kama ganda la ndizi. Linawekwa."

Alipofika kwenye kutupa, Irine alikuwa ameshaoga. Na hata angekuwa mwepesi, Allen alishasema kuwa pembeni ya jamvi anakaa kocha aliyesajiliwa tu, si mposaji.

Siku ya mchujo ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Waliokosa nafasi walipanda mti wa nje, na mti ukaomba radhi ukainama. Irine alivaa nyekundu. Mpinzani wake alikuwa Devotha wa Katesh, msichana mrefu mwenye miguu ya korongo, ambaye ukimshika chini bado amebaki mwingine juu. Na aliyeingia jamvini kuchezesha, raba nyeupe, suruali nyeupe…

"Ni yeye," Leonsi akasema, macho chini.

"Nimeona," Irine akasema. "Kocha, nitazame. Wewe mimi unaruhusiwa kunitazama. Utatupa?"

"Nenda kapigane, binti."

"Hujanijibu."

Filimbi ikalia, popo wa darini wakadondoka.

Sasa sikia jinsi Leonsi alivyotazama pambano lile. Mwamuzi yuko jamvini, usoni haruhusiwi kumtazama, na pambano liko pale pale. Ikabidi atazame kuanzia magotini kwenda chini. Hakuona mkono wala kichwa wala bega. Aliona miguu: miwili ya Irine, miwili ya Devotha, na ile miwili ya raba nyeupe ikizunguka kama mama anayefukuza kuku. Miguu alikuwa ameisomea. Miaka yote ya ukwe ilikuwa shule ya miguu. Aliijua inapotaka kuteleza, inapodanganya, inapochoka. Akawa anapiga kelele, "Irine, kisigino cha kushoto kinaogopa!" Irine akakifuata kisigino cha kushoto, akapata pointi. Watu wakajiuliza kocha huyu anaongea na nani, kichwa kimeinama kama anayetafuta sindano.

Dakika zikayeyuka. Devotha alikuwa mbele, nne kwa tatu. Saa ya ukutani ikabakiza pumzi chache. Irine akazama, akaukamata mguu wa Devotha kama perege, akausukuma kuelekea ukingo wa jamvi, wakaanguka wote kwa kishindo, vikombe vya chai vya wageni waalikwa vikaruka vikarudi kwenye visahani vyake.

Ukumbi ukanguruma. Kisha filimbi. Mama Jenipher akainua mkono wenye kitambaa cha bluu, kidole kimoja. Pointi kwa Devotha. Irine alitoka nje ya jamvi kwanza, ndivyo alivyoamua.

Uongo! Leonsi alikuwa ameiona. Miguu ya Irine yote miwili ilikuwa ndani, vidole vimeng'ang'ania turubai. Mguu uliokanyaga saruji ulikuwa wa Devotha, tena baada ya kuanguka. Kama kuna kitu kimoja duniani ambacho Leonsi angeapa nacho mbele ya padri, ni miguu ile.

"Kocha!" Irine akalia, bado amelala. "Tupa!"

Sponji iko mkononi. Leonsi akasimama. Mbele yake, raba nyeupe zimesimama wima, zinangoja. Nyuma yake, vijana wa kilabu wanapiga kelele. Kulia, kwenye viti, Jenipher amemshika binti yao Veronica mkono na hapumui. Ukumbi ule mkubwa ukaanza kumbana kama koti la mtoto. Kuta zikasogea. Dari likashuka. Akatafuta pa kutokea, hapana. Akaona mawe ya mvua yanaanguka kwenye shamba lake, akaona jamvi lake limekatwakatwa likiwa mito ya sofa, na Irine anageuza samaki kwenye kikaango mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Baba Yetu uliye…

"Kocha, mimi nina nani?"

Kamba ikakatika. Leonsi akageuza uso ukutani kama mila inavyotaka, akafumba macho, akaufunika uso kwa mkono wa kushoto, maana mkwe hawezi kumtazama mama mkwe hata anapomtupia kitu. Kisha kwa mkono wa kulia akarusha kwa nguvu zote alizofundishwa jeshini.

Alisikia mlio mdogo tu. *Puu.* Halafu hakusikia kitu kabisa. Ukumbi mzima ukawa kimya, ungesikia mchwa anavyotafuna mlango.

Hakutaka kugeuka. Akamuuliza kijana aliye nyuma yake, "Imetua?"

"Imetua, Kocha."

"Jamvini?"

"Usoni."

"Uso wa nani?"

Kijana akakataa kujibu, mama yake alimlea vizuri.

Sponji ilimpiga Mama Jenipher katikati ya uso, ikaipigisha filimbi kelele moja ya mwisho na kuisukuma mdomoni, na kofia ikaenda zake. Tayari wako Babati watu wanaosema alirushwa mpaka safu ya tatu, na wengine wanasema meno mawili yaliokotwa Bagara. Waongo hao. Alirudi nyuma hatua moja tu, na meno yote anayo, ukitaka muombe acheke.

Mwalimu Allen alikuwa ameshasimama mezani. "Kumpiga mwamuzi! Kocha atolewe nje!"

Mama Jenipher akaitoa filimbi mdomoni. Akaokota sponji.

"Mwalimu, sheria inasema sponji iangukie wapi?"

"Jamvini, Mama. Lakini hii imeangukia kwako."

"Na mimi nilikuwa nimesimama wapi?"

Allen akazitazama raba nyeupe. "Jamvini."

"Basi imeingia jamvini. Tazameni video."

Wakubwa wakaizunguka simu iliyokuwa inarekodi kwenye kigoda chake. Wakaitazama, wakairudisha, wakaitazama tena. Ikaonekana miguu ya Irine ndani, vidole vyote, na mguu wa Devotha kwenye saruji. Mama Jenipher akaitazama naye. Akarudi katikati, akaifuta ile pointi ya bluu, akainua mkono wa kitambaa chekundu, vidole viwili, vya kumwangusha mtu ndani ya jamvi. Tano kwa nne. Irine wa Babati, anakwenda taifa.

Ukumbi ukalipuka. Irine akambeba kocha wake mgongoni akazunguka naye. Lakini kule juu mgongoni Leonsi hakuwa na furaha kamili, maana raba nyeupe zilipita karibu, na sauti, haijulikani inamwambia nani kwa sababu ng'ombe hayupo, ikasema:

"Ya jamvini yamekwisha. Ya nyumbani, Jumapili."

Jumapili baada ya misa wakakusanyika Nakwa. Leonsi alikalishwa kigoda karibu na mlango, anatazama ukuta. Jenipher alikaa kwenye mkeka katikati, hajui aegemee upande gani. Mama Jenipher alikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Irine alikuja na beseni la perege kuomba radhi, akakaa uani karibu na dirisha. Na aliyekaa kwenye kiti kikubwa alikuwa mjomba wa Jenipher, Mjomba Damiani, mzee ambaye akikasirika masharubu hutangulia.

Mzee Theodory alisimama kumtetea kijana wake, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Akavua kofia. Akakohoa. Akaanzia kwenye moshi, akapita kwenye mifugo, akavuka mito yote ya Manyara. Alipoketi, perege walikuwa wamepoa.

Mjomba Damiani akasema, "Tumesikia. Ukoo huu tangu uwe ukoo, hakuna mkwe aliyempiga mama mkwe kwa kitu chochote, hata kwa pamba. Atalisafisha kosa kwa kondoo. Na zaidi ya kondoo, achague. Ukocha, au ukwe. Viwili havikai nyumba moja."

Jenipher akaanza kulia kimya kimya. Leonsi akautazama ukuta, ukuta ukamtazama. Irine alikuwa amekwisha kupata tiketi, lakini nani atakaa pembeni yake huko taifa? Kidonda kimepona huku, kimefunguka kule. Akajaribu kusema "ukocha", ulimi ukakataa. Akajaribu "ukwe", ukakataa vilevile.

Ndipo pazia likatikisika, na kitu kikaruka kutoka chumba cha ndani, kikadunda mara mbili kwenye mkeka, kikasimama mbele ya Mjomba Damiani. Upande mwekundu, upande wa bluu.

"Napinga," sauti ikasema nyuma ya pazia.

"Wewe dada! Umepigwa wewe, na unapinga wewe?"

"Nimetupa, imetua, mchezo umesimama. Itazamwe video. Irine, unayo?"

"Kila mtu Babati anayo, Bibi!" Irine akajibu dirishani, akapitisha simu.

Mjomba Damiani akavaa miwani. Akaona ukumbi, akaona watu, akaona mkwe wao amesimama. Akaona anageuza uso ukutani. Akaona anafumba macho. Akaona anaufunika uso kwa mkono wa kushoto, kama bibi harusi, halafu anarusha. Akairudisha. Safari ya pili masharubu yakaanza kutikisika. Safari ya tatu aliwapa wazee wengine simu, akashika mbavu.

"Alifunika macho!"

"Kama angenitazama," sauti ya pazia ikasema, "asingenipiga. Amenipiga kwa sababu ya heshima. Heshima mliyomfundisha nyie. Mnamhukumu mtu kwa kushika mila?"

Mjomba Damiani akafuta machozi ya kicheko. "Rufaa imekubaliwa. Abaki kocha, abaki mkwe. Lakini kondoo palepale, maana uso ni uso."

Leonsi akahema, na kigoda kikahema naye. Lakini hakujua mambo hayajaisha. Pazia likafunguka. Miguu aliyoijua ikatoka, ikaja, ikasimama mbele yake.

"Baba Veronica." Mama Jenipher alimwita mwenyewe, bila mtu wa katikati, wala ng'ombe. "Hapa ndani mila inabaki. Lakini jamvini mimi si mkwe, ni mwamuzi, na mwamuzi anatazamwa. Siku nyingine utanitoboa jicho. Tujifunze leo. Simama."

Akasimama.

"Nitazame."

Kichwa cha Leonsi kikakataa kuinuka. Shingo ile iliyowashinda makuruta wa jeshi ikawa kama imejengewa saruji. Jenipher ameziba mdomo. Kidogo kidogo kikapanda: kwenye pindo la kitenge, kwenye mikono, kwenye filimbi shingoni, kwenye kidevu. Akamuona. Alikuwa kizee kidogo, mwenye macho ya Jenipher kabisa, na pua yake ina mchubuko kidogo, na anajizuia kucheka kwa taabu kubwa.

Akamwekea sponji mkononi. Ndiyo, mkononi.

"Haya. Umehukumiwa kondoo mmoja. Mimi ndiye mwamuzi, hukumu nimeikubali. Unapinga, au hupingi?"

"Mama…"

"Muda unakwenda."

Leonsi akatazama huku, akatazama kule. Akinyamaza, atakuwa hajajifunza. Akitupa, atakuwa amempinga mama mkwe ndani ya nyumba yake, mchana kweupe, wazee wote wapo. Sponji ikaanza kunywa jasho tena.

"Kocha!" Irine akapiga kelele dirishani. "Tupa!"

Akatupa. Macho wazi, uso kwa uso, na sponji ikatua taratibu kwenye vidole vya miguu ile aliyoijua kuliko miguu yote.

"Imepokelewa," Mama Jenipher akasema. Akashauriana na kaka yake kwa nyusi. Akaipuliza filimbi, na ng'ombe wote wa Nakwa wakasimama walipokuwa. "Tumetazama. Uso ni uso. Rufaa imeshindwa, na anayeshindwa rufaa, mpinzani wake anaongezewa moja." Akainua vidole viwili. "Kondoo wawili."

Nyumba ikaanguka kwa kicheko, Jenipher wa kwanza. Leonsi akabaki amesimama katikati yao, anageuka huku na huku kutafuta kocha wake, akakumbuka kuwa hana. Akaokota kofia, akatoka kwenda kutafuta kondoo. Mlangoni akageuka, akamtazama mama mkwe usoni mara moja zaidi, haraka, kama mtoto anayeiba sukari.

"Nimekuona!" filimbi ikalia nyuma yake, na Leonsi akakimbia mpaka barabarani kabla kondoo hawajafika watatu.